Pikipiki ya zamani bila karatasi: namna ya kuipatia hati za haki Fizi na Baraka

Kwenye barabara ya taifa namba 5, inayotoka Uvira kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, pikipiki ndiyo gari la kila mtu. Inabeba mgonjwa kwenda hospitali, inabeba mihogo, mawese na samaki kwenda sokoni, inapandisha watu hadi Fizi-centre na kuwashusha upande wa Lulimba na Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Jamaa nyingi zinakula na kulipa masomo ya watoto kwa piki moja tu. Lakini piki nyingi kati ya hizo ni za zamani, zimepita katika mikono ya watu watano au sita, na hazina karatasi hata moja.

Siku piki inapotembea vizuri, hakuna anayewaza juu ya karatasi. Shida inaanza siku tatu. Ya kwanza ni siku polisi anaisimamisha na kuuliza, "Hii ni ya nani?" Ya pili ni siku inagonga mtu. Ya tatu ni siku mwenyewe anakufa, na ndugu zake pamoja na mjane wanaanza kuigombania. Katika siku hizo zote, kusema "ni yangu, kila mtu ananijua" hakutoshi tena.

Habari njema ni kwamba piki ya zamani bila karatasi inaweza kupata hati za haki. Habari ambayo si tamu sana ni kwamba watu wengi wanaanza kwa upande usiofaa: wanakimbilia plaki. Plaki ni hatua ya karibu na mwisho. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba piki ni ya mtu anayeitumia, na kwamba haikuibiwa.

Juu ya nini piki nyingi hazina karatasi?

Kila mwenye piki ana historia yake, lakini kwa sehemu kubwa historia hizo zinafuata njia nne.

Njia ya kwanza ni ziwa. Toka zamani watu wa Fizi wanafanya biashara na Kigoma, ng'ambo ya Tanganyika. Kuanzia mwaka 2005 wakimbizi wengi walirudi Baraka kutoka kambi za Tanzania, na watu na mali waliendelea kuvuka. Piki inaweza kuwa ilishuka kwenye mtumbwi usiku, ikiwa bado na plaki ya Tanzania inayoanza na herufi MC, bila kupita mbele ya duane. Wengine walipitisha zao Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi, kwa namna ileile.

Njia ya pili ni mashirika. Baraka imekuwa makao ya ONG nyingi zinazosaidia waliorudi, wahamishwa wa vita, na wakimbizi wa Burundi wa Lusenda na Mulongwe. Mradi ukiisha, piki zinauzwa au zinapewa wafanyakazi, parokia au kituo cha afya. Mara nyingi mpokeaji anapewa funguo na mkono wa kwaheri, bila barua.

Njia ya tatu ni vita. Tangu 1996 watu wamekimbia mara nyingi, nyumba zimechomwa, ofisi zimeporwa. Kuna ambao walikuwa na karatasi kamili, lakini zilibaki ndani ya sanduku lililoungua.

Njia ya nne ni kuuziana kwa mdomo. Papa anamuuzia jirani, jirani anamuuzia shemeji, shemeji anabadilisha na ng'ombe au uwanja. Kila mmoja alilipa, lakini hakuna aliyeandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye piki anatakiwa kwanza kujua piki yake ilipita njia gani kati ya hizi, maana karatasi za kutafuta si zilezile.

Maswali matatu, karatasi tatu

Watu wanasema "karatasi za piki" kama vile ni kitu kimoja. Haiko hivyo. Kuna maswali matatu, na kila swali lina karatasi yake na ofisi yake.

Swali la kwanza: piki ni ya nani? Hapo jibu ni hati ya mauzo, barua ya zawadi, karatasi ya urithi au hukumu ya tribinali.

Swali la pili: iliingia Kongo kwa haki? Jibu ni karatasi za duane, yaani tangazo la mali na risiti ya malipo. Hiyo ni kazi ya DGDA.

Swali la tatu: inaruhusiwa kutembea barabarani? Jibu ni plaki na carte rose, ambazo zinatolewa na DGI, ofisi ya kodi ya taifa. Juu yake kuna vinyeti ya kila mwaka, asiransi, na permi ya yule anayeendesha.

Mtu anaweza kujibu swali moja bila kujibu mengine. Motari mwenye vinyeti ya mwaka huu bado anaweza kunyang'anywa piki kama mwenyewe wa kweli atatokea na hati. Na mwenye hati safi ya mauzo bado anaweza kukamatwa na duane kama piki haikulipiwa kamwe. Ndiyo sababu plaki peke yake haifanyi piki kuwa ya mtu.

Sheria inasema nini juu ya mwenye kushika mali?

Sheria ya Kongo juu ya mikataba, ambayo msingi wake ni dekre ya tarehe 30 Julai 1888 na bado inatumika, ina kanuni moja inayosaidia sana watu wasio na karatasi. Kwa mali inayohamishika, kama piki, baiskeli au mashine ya kusaga, yule anayeishika kwa nia njema anahesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka mwingine aonyeshe kinyume. Kwa hiyo mtu aliyenunua piki kwa haki si mwizi kwa sababu tu hana karatasi.

Lakini kanuni hiyo ina mlango. Kama mali iliibiwa au ilipotea, mwenyewe wa kwanza anaweza kuidai ndani ya miaka 3 toka siku ya wizi au ya kupotea, hata kama iko mikononi mwa mnunuzi asiyejua kitu. Mnunuzi huyo atabaki na haki ya kumfuata yule aliyemuuzia. Sasa, atamfuata namna gani kama hajui hata jina lake?

Na nia njema nayo inapimwa. Mtu akinunua piki usiku, kwa bei ya nusu, kwa kijana asiyejulikana, na namba ya shasi imefutwa, hakimu hatakubali kirahisi kwamba mnunuzi hakujua. Kupokea mali ya wizi ni kosa katika kitabu cha sheria ya makosa, kifungu cha 101, na adhabu inaweza kufika miaka 5 ya gereza. Tena sheria ya mikataba inasema kwamba mkataba wa mali yenye thamani unatakiwa kuandikwa. Neno la mdomo ni zuri kati ya ndugu, lakini mbele ya tribinali ni dhaifu.

Hatua ya kwanza: kusoma namba

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, mwenye piki anatakiwa kuijua piki yake. Kuna namba mbili. Namba ya shasi imegongwa kwenye chuma cha mwili, mara nyingi kwenye shingo pale usukani unapozungukia. Namba ya motere iko chini, kwenye kifuniko cha motere. Isafishwe kwa petroli kidogo na kitambaa, bila kukwaruza kwa msasa au patasi, maana alama za kukwaruza zitaleta mashaka. Kisha karatasi nyembamba iwekwe juu ya namba na kupakwa penseli polepole, mpaka namba itokee kwenye karatasi. Kopi hiyo, pamoja na picha za simu, ndiyo mwanzo wa faili.

Piki za miaka hii zina namba ya shasi yenye alama 17, herufi na tarakimu pamoja. Herufi I, O na Q hazitumiwi humo, ili zisichanganywe na 1 na 0. Mwanzo wa namba unaonyesha ilikotengenezwa: L ni China, J ni Japani, MD ni India, kama vile MD2 kwa Bajaj na MD6 kwa TVS. Kwa hiyo piki ya TVS yenye namba inayoanza na L ni ya kuangaliwa mara mbili. Piki za Kijapani za zamani sana, kama zile zilizoachwa na misioni na miradi ya kilimo, zinaweza kuwa na namba fupi zaidi, na hiyo si kosa.

Kama motere ilibadilishwa, isifichwe. Motere zinakufa na kubadilishwa kila siku kwenye magaraji. Kinachotakiwa ni risiti au barua ya fundi inayosema motere namba fulani ilitolewa na namba fulani ikawekwa, tarehe fulani. Lakini kama ni namba ya shasi ndiyo imefutwa au imegongwa upya, hapo hakuna njia ya mkato. Mtu asijaribu kugonga namba nyingine. Aende kwanza polisi au kwa parke kueleza, kabla hajaulizwa.

Hatua ya pili: kurudi nyuma, mkono kwa mkono

Kazi hii ndiyo nzito, na ndiyo yenye faida zaidi. Mwenye piki anatakiwa kuandika orodha: nani alimuuzia, mwaka gani, kwa bei gani, mbele ya nani, na yule muuzaji aliipata kwa nani. Aende nyuma mpaka pale ambapo njia inakatika.

Kila muuzaji anayepatikana aombwe kuandika karatasi sasa, hata kama mauzo ni ya miaka 8 iliyopita. Hilo si kosa, ila tu karatasi iseme ukweli: imeandikwa leo, kuthibitisha mauzo yaliyofanyika mwaka fulani. Kosa ni kuandika tarehe ya uongo ili ionekane ya zamani. Kughushi maandishi kunaadhibiwa na kifungu cha 124, toka miezi 6 hadi miaka 5 ya gereza, na anayetumia karatasi hiyo anaadhibiwa pia.

Karatasi nzuri ya mauzo haihitaji kuwa ndefu. Inatosha iwe na majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, namba za karte zao za uchaguzi au kitambulisho kingine, makao yao, alama na rangi ya piki, namba ya shasi na namba ya motere, bei kwa tarakimu na kwa maneno, mahali na tarehe, sahihi au kidole cha wote wawili, na mashahidi wawili, mmoja kwa kila upande. Iongezwe sentensi moja ambayo watu wengi wanaisahau: muuzaji anahakikisha kwamba piki ni mali yake na kwamba atajibu mwenyewe kama mtu mwingine ataidai. Zifanywe kopi mbili, kila mmoja abaki na yake. Halafu sahihi zithibitishwe kwa notere, au kwenye ofisi ya mji au ya teritwari.

Kama piki ilitoka kwa ONG, karatasi ya kutafuta ni barua ya kukabidhi mali, yenye kashe ya shirika na namba ya shasi. Hata kama mradi ulifunga Baraka, ofisi kubwa ya shirika iko bado Bukavu, Goma, Kinshasa au ng'ambo, na mashirika yanaweka orodha za mali zao. Barua pepe moja yenye namba ya shasi inaweza kuleta jibu. Jambo lingine ni kwamba mashirika mengi yanaingiza mali bila kulipa duane kwa sababu ya kazi yao. Msamaha huo ni wa shirika. Haumfuati mnunuzi. Mtu binafsi akinunua piki hiyo, duane inaweza kudai kilichokuwa kimesamehewa. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aulize: haki za duane zitalipwa na nani?

Kama piki iliachwa na marehemu, mjane au mtoto mmoja asiiuze peke yake. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wasichana sawa na wavulana, na mjane naye ana haki yake. Jamaa ikutane, iandike karatasi inayosema piki inabaki kwa nani au inauzwa na nani kwa niaba ya wote, na warithi wakubwa watie sahihi. Karatasi hiyo moja inazuia magomvi ya miaka.

Hatua ya tatu: polisi na karatasi zilizopotea

Mtu aliyekuwa na karatasi na zikaungua au zikapotea anatakiwa kwenda kutangaza kupotea, ili apewe hati ya kupotea kwa karatasi. Hati hiyo haichukui nafasi ya carte rose kwa siku zote, lakini inaeleza kwa nini haipo na inafungua njia ya kuomba kopi. Akiwa na fotokopi, hata picha ya karatasi kwenye simu, aende nayo. Carte rose na malipo ya duane yana alama kwenye madaftari ya ofisi zilizotoa, na namba moja tu inaweza kusaidia kuyapata.

Kwa yule ambaye hakuwa na karatasi tangu mwanzo, kutangaza kwamba "zimepotea" ni uongo, na uongo huo utamrudia. Yeye aombe kitu kingine: polisi waangalie namba za piki kama hazimo katika mashtaka ya wizi, na wamwandikie kwamba waliangalia. Piki yenye plaki ya Tanzania iangaliwe pia upande wa pili. Mtu anayevuka kwenda Kigoma anaweza kuuliza TRA, ofisi ya mapato ya Tanzania, jina lililo kwenye kadi ya usajili. Kwa piki ya Burundi, ofisi ni OBR. Muuzaji wa kweli wa ng'ambo hana hofu ya kutoa kadi yake.

Chama cha motari nacho kina nguvu hapa. Wazee wa chama na wenzake wa parking wanajua piki gani iliingia mwaka gani na kwa nani. Ushuhuda wao ulioandikwa na kutiwa sahihi si hati ya umiliki, lakini unasaidia kuonyesha nia njema na miaka ya matumizi.

Hatua ya nne: duane

Hapa ndipo watu wengi wanaogopa. Wanawaza kwamba wakienda DGDA wenyewe, piki itabaki huko. Hofu hiyo ina sababu yake, maana mali iliyoingia bila kutangazwa inaweza kukamatwa na kutozwa amende. Lakini yule anayekuja mwenyewe, na faili mkononi, anaomba kurekebisha. Yule anayekutwa kwenye bariere anajitetea. Ni hali mbili tofauti.

Njia nzuri ni kuanza na karatasi, siyo na piki. Mwenyewe aende na kopi za namba, picha na hati za mauzo, aulize kwa maandishi thamani itahesabiwa namna gani kwa piki ya umri huo, na jumla itakuwa ngapi. Malipo ya duane yana sehemu kadhaa, na mojawapo ni TVA ya 16 %. Thamani ya piki iliyochoka si sawa na ya mpya. Hali yake ionyeshwe, na mwenyewe asikubali hesabu ya mdomo.

Kama yule wa kwanza alishalipa duane zamani, hakuna sababu ya kulipa mara ya pili. Ndiyo faida nyingine ya kurudi nyuma mkono kwa mkono: risiti ya zamani iliyokaa kwenye sanduku la muuzaji wa kwanza inaweza kuokoa pesa nyingi kuliko safari zote zilizofanywa kuitafuta.

Hatua ya tano: plaki, carte rose na yanayofuata

Faili ikishakuwa na hati ya umiliki na karatasi ya duane, ndipo zamu ya DGI inafika. Kwa kawaida ofisi inaomba kitambulisho cha mwenyewe, namba yake ya kodi, hati ya mauzo, karatasi za duane, na inaangalia namba za piki. Jina litakaloandikwa kwenye carte rose ndilo litakalofuatwa siku ya ajali au ya mashtaka. Kwa hiyo piki isiandikishwe kwa jina la patron au la shemeji "kwa kusaidia tu". Wengi wamelia kwa sababu hiyo.

Baadaye vinakuja vitu vya kila mwaka. Vinyeti ni kodi ya jimbo, maana Katiba ya 2006 iliacha kodi ya magari na piki mikononi mwa majimbo. Asiransi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kwa sheria tangu 1973. Zamani ilikuwa SONAS peke yake, lakini sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungulia mlango makampuni mengine. Na kodi ya sheria za barabara, code de la route ya tarehe 30 Agosti 1978, inataka anayeendesha awe na permi. Piki yenye karatasi zote, lakini mikononi mwa kijana asiye na permi, bado ina shida.

Kama muuzaji hapatikani tena

Mara nyingine njia inakatika kabisa: muuzaji amekufa, amehamia Kalemie au ng'ambo, au hakujulikana jina. Mwenye piki asinunue karatasi za piki nyingine. Anaweza kwenda tribinali kuomba haki yake juu ya mali itambuliwe, akileta mashahidi, ushuhuda wa chama, barua ya polisi na risiti za matengenezo. Sheria ya 2013 juu ya tribinali inaipa tribinali ya amani mashauri ya mali isiyopita thamani ya 2.500.000 FC, na piki nyingi za zamani zinaingia humo. Mali ya juu zaidi ni ya tribinali kubwa, kama ile ya Uvira. Hukumu inachukua muda, lakini ikitoka inasimama mahali pa hati ya mauzo iliyokosekana, na ofisi nyingine zinaweza kuifuata.

Namna ya kutambua karatasi ya uongo

Sokoni kuna watu wanaouza "karatasi kamili" kwa siku moja. Kalenda peke yake inaweza kuwafunua. DGDA iliundwa kwa dekre ya Desemba 2009. Kabla ya hapo duane iliitwa OFIDA. Karatasi ya 2005 yenye kichwa cha DGDA haiwezi kuwa ya kweli, lakini karatasi ya 2005 yenye OFIDA isitupwe: inaweza kuwa ndiyo hasa inayotafutwa. DGI nayo ilianza mwaka 2003. Kabla yake ilikuwa DGC. Baraka ilipewa hadhi ya mji kwa dekre ya Juni 2013, kwa hiyo kashe ya "Mairie de Baraka" kwenye karatasi ya 2009 ni ya kushangaza.

Ujanja mwingine ni plaki na carte rose ya piki iliyokufa kuwekwa kwenye piki nyingine. Inapita kwenye bariere kwa miezi, mpaka siku polisi mmoja anainama kusoma shasi. Siku hiyo mwenye piki hana tena kosa la kukosa karatasi. Ana kosa la kutumia karatasi ya uongo, na mtu wa nia njema amejifanya mwenyewe kuwa mshukiwa.

Pesa zinalipwa wapi?

Kodi ya serikali hailipwi mkononi mwa mtu. Ofisi inatoa karatasi inayoonyesha kiasi na sababu, mwenyewe analipa banki au kwenye kaunta inayotambuliwa, na anapewa ushahidi wa malipo. Pesa iliyotolewa bila karatasi ni pesa iliyopotea, hata kama aliyeipokea amevaa uniforme. Vilevile agenti anayekamata piki anatakiwa kuandika procès-verbal inayosema piki gani, namba gani, sababu gani, na inawekwa wapi. Mwenyewe aombe kopi kwa heshima, bila kelele.

Tahadhari iko pia juu ya komisioneri, wale wanaosema "nipe pesa, nitakutengenezea yote". Tangu Bukavu ilipoanguka mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, huduma nyingi za jimbo zimehama na njia za faili zimebadilika. Karatasi "iliyotoka Bukavu wiki iliyopita" inaweza kuleta maswali zaidi kuliko majibu. Kabla ya kutuma faili au pesa mahali popote, ni vema kuuliza ofisi ya Baraka au ya teritwari: kwa sasa, nani ana haki ya kutia sahihi?

Mwenye pesa kidogo aanze wapi?

Motari wengi hawawezi kulipa yote kwa mara moja. Wengine wanaona gharama ya duane na plaki inakaribia bei ya piki yenyewe, na wanakata tamaa. Lakini hatua za kwanza karibu hazina bei: penseli na karatasi kwa kusoma namba, kopi mbili za hati ya mauzo, mashahidi wawili, na safari kwa yule aliyeuza. Hizo ndizo zinazomlinda mtu asiitwe mwizi na asinyang'anywe na ndugu wa marehemu, na muda unazidi kuziharibu. Muuzaji aliyeko Lweba leo anaweza kuwa Nyarugusu mwezi ujao, na shahidi mzee hataishi siku zote. Duane na plaki zinaweza kungojea makuta ya mavuno au zamu ya likelemba. Ushuhuda wa watu haungoji.

Faili ikishaanza, karatasi za kweli zikae nyumbani ndani ya plastiki, fotokopi zitembee na piki, na picha zake zitumwe kwenye simu ya mtu mwingine wa jamaa anayeishi mahali pengine. Watu wa Fizi wamefundishwa na vita kwamba nyumba inaweza kuungua ndani ya saa moja. Namba ya shasi iliyoandikwa mahali pawili itabaki.

Na kwa yule anayetaka kununua piki ya zamani kesho asubuhi: kabla ya kuhesabu pesa, asome namba, aulize muuzaji aliipata kwa nani, na waandike. Muuzaji akisema hakuna muda wa kuandika, mnunuzi akumbuke neno ambalo hata mji wenyewe unalibeba katika jina lake: haraka haraka haina baraka.